"Yeah", "yea" na "yay": mgeni amesema nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Area C, Dodoma. Wageni wa nje wakituandikia WhatsApp, mmoja anajibu "yeah", mwingine "yea", na juzi nilipomwambia mmoja kwamba chumba kipo akaandika "yay!" Meneja anasema ni neno moja, kila mtu na tahajia yake. Ni kweli? Na "nah" je?
*Msomaji, Area C*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Si neno moja, na ukiyachanganya unaweza kumkwaza mgeni bila kukusudia.

"Yeah" ni "ndiyo" ya mazungumzo. Tamka "ye-a", hiyo "a" ikatwe upesi. "Yay" hutamkwa "yei", nayo si jibu kabisa. Ni shangwe, sawa na "hoyee!" yetu. Mgeni wako alifurahi kupata chumba. Sasa chukua mgeni aliyejipaka sabuni, bomba limekauka, anakuandikia kuuliza kama maji bado yamekatika. Ukimjibu "yay", ataelewa kwamba unashangilia!

"Yea" ndiyo inayovuruga watu, maana inatamkwa "yei" vilevile, ilhali maana yake ni ndiyo. Ni neno la kale. Pale Mathayo 5:37, ambapo sisi tunasoma "Ndiyo, ndiyo; Siyo, siyo", Biblia ya King James ya mwaka 1611 ina "Yea, yea; Nay, nay". Leo limebaki zaidi kwenye kura. Katiba ya Marekani yenyewe, inapoeleza kura za wabunge zinavyowekwa kwenye kumbukumbu, inazitaja kwa "yeas" na "nays". Waingereza kwenye Bunge lao la House of Commons hupaza "aye", inayotamkwa "ai", na wanaopinga husema "no". Hapa kwetu Bungeni ni "ndiyo" na "siyo", na mimi naupenda sana unyoofu huo.

Hata hivyo, mgeni anayekuandikia "yea" kwenye simu mara nyingi anakusudia "yeah", ameiacha tu "h". Isome hivyo, usihangaike.

"Nah" ni "hapana" ya marafiki, kama "aa-aa" yetu. Mgeni mwandikie "yes" au "no" kamili, na ukikataa taja sababu: vyumba vimejaa, au chai ya asubuhi mwisho saa nne.