Kabla hujaamini namba za presha kwenye simu

Mama yangu ana presha kwa miaka mingi. Mwaka jana mdogo wangu alimpakulia programu ya bure: unaweka kidole kwenye kamera, taa inawaka, baada ya muda mfupi unapewa namba. Mama akaipenda. Kila asubuhi ananitumia ujumbe, "Leo 124 kwa 80, mwanangu." Kumbe alishaanza kuruka dawa, maana presha imeshuka.

Nilipokwenda kumsalimia nikampeleka zahanati. Muuguzi akamwacha apumzike dakika tano, akamfunga mkanda, akapima mara mbili: 176 kwa 102. Mama akatoa simu palepale. 126 kwa 81. Nikaweka kidole changu: 125 kwa 80. Muuguzi naye akajaribu: 126 kwa 80. Watu watatu wa umri tofauti, namba karibu ileile. Nilitetemeka nikifikiria zile asubuhi zote.

Kamera yenye taa huona damu ikijaa na kupungua kidoleni, ndiyo maana mapigo ya moyo inaweza kuyahesabu. Presha ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa, na hiyo kamera haiioni. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliijaribu programu iliyoitwa Instant Blood Pressure. Kati ya wenye presha ya juu, karibu wanne katika kila watano walionyeshwa kwamba wako sawa.

Kwa hiyo ipeleke programu mbele ya mashine ya mkanda kabla hujaitegemea. Nyota ambazo watumiaji huipa programu zisikudanganye: ya mama ilikuwa nazo tele, lakini wanaozitoa wanasifu wepesi wa kutumia, hawajalinganisha na chochote. Angalia nani kaitengeneza na kama kuna daktari anayetajwa. Ikiomba kusoma namba za watu uliowahifadhi, ikatae. Presha haihusiani na majirani zako. Na kwa wenye kisukari wanaoandika sukari yao kwenye programu, hakikisheni kizio kinachotumika, mmol/L au mg/dL, kwa sababu 7 ya mmol/L na 126 ya mg/dL ni sukari ileile.

Tulimnunulia mama mashine ya mkanda, na namba anaandika kwenye daftari analokwenda nalo kliniki. Programu tuliyobakiza ni ya kumkumbusha dawa. Saa mbili usiku inalia, naye anakwenda kuchukua maji.