Ndugu yangu hastahamili mlio wa simu

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Mdogo wangu ni muuguzi wa dharura katika hospitali moja ya Nairobi. Tangu walipopokea majeruhi wa shambulio la kigaidi, miezi mitatu sasa, usiku huweweseka, mlio wa simu humtetemesha, na kila mara humtaja kijana aliyempita ili amhudumie mwingine. Yuko likizo kwetu. Wazee wanasema amechezewa. Mkuu wake naye anataka akirudi wakusanywe wote, kila mmoja asimulie alichokiona. Nimpeleke hospitali? Naogopa ataitwa mtu wa Kidongo Chekundu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja.
Dada mtu, Chake Chake

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Mpeleke, wala usingoje likizo imalizike. Jinamizi na hofu za wiki za mwanzo huwapata wengi na aghalabu hutulia zenyewe, lakini zikipindukia mwezi mmoja na kumharibia mtu usingizi na kazi, huenda yakawa maradhi ya kiwewe, nayo yanatibika. Khofu ya simu si ajabu: waliohudumia majeruhi mjini Paris usiku wa tarehe 13 Novemba 2015, walipouawa watu 130, walieleza jinsi simu za marehemu zilivyokuwa zikiita mifukoni.

Kinachomla zaidi, naona, ni yule kijana. Majeruhi wanapozidi mikono iliyopo, muuguzi hulazimika kuwaainisha na kumtanguliza ambaye msaada wa wakati ule utamwokoa. Hiyo ni kanuni ya kazi, ila moyo huihesabu kuwa hatia, hasa majeraha yanapokuwa yametokana na binadamu aliyekusudia. Usimwambie asahau. Akitaka kusema, msikilize, akinyamaza, mwache.

Kikao cha mkuu wake kina nia njema, lakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuwalazimisha watu wasimulie yote kwa mkupuo mmoja, kwani hakuzuii maradhi haya na baadhi huzidi kuumia. Kinachofaa ni mazungumzo ya tiba na mtaalamu, kwa awamu, pamoja na kupunguziwa zamu za usiku. Wazee nao wamsomee dua, mradi isichukue nafasi ya daktari.

Kuhusu Kidongo Chekundu, jina hilo limewachelewesha wagonjwa wengi bure. Tiba hii kwa kawaida hufanyika mtu akitokea nyumbani. Hata hivyo, akisema hataki tena kuishi, msimwache peke yake, na mfikisheni hospitali siku hiyohiyo.