Wenye Sharubu Mbili Si Kambale

SWALI: Bwawa langu hapa Moshi linapata maji ya mfereji. Nilipanda perege peke yao, ila sasa naona vidudu vyenye miili ya kuonyesha ndani, vina sharubu, vinaelea kundi zima vichwa chini. Jirani ananiambia ni vifaranga vya kambale. Niviache vikue? – Mfugaji, Moshi

JIBU: Ndugu mfugaji, usiviache. Hao ni viluwiluwi wa chura wa majini mwenye kucha. Chota wachache kwenye bakuli jeupe uhesabu sharubu: kiluwiluwi ana mbili tu, moja kila pembe ya mdomo; kifaranga cha kambale kina nane, tena hukaa chini, hakining'inii katikati ya maji kikitikisa ncha ya mkia. Kiluwiluwi huyu huchuja mwani, ukijani uleule unaowalisha perege wako.

Hasara kubwa huja baada ya miezi miwili hivi, akishakuwa chura. Hana ulimi, hufyonza windo na kulisukumia kinywani kwa mikono, na vifaranga vya samaki anavila sana. Maji ya tope hayamzuii, kwani alama kama mshono ubavuni humjulisha kilichotikisika kiko wapi. Dume hulia akiwa chini ya maji, ndiyo maana bwawa linaweza kujaa vyura na usiku usisikie kitu.

Tega jioni mtego wa wavu wenye mdomo wa faneli, chambo kipande cha ini. Sehemu ya juu ya mtego ibaki nje ya maji: chura huyu anapumua kwa mapafu, akizama usiku kucha anakufa na kukuozea bwawani. Walionaswa usiwamwage mferejini, utawapelekea wenzako wa chini.

Ukishavuna, kausha bwawa. Hapa wengi hukosea: wanajaza tena baada ya siku tatu, nao vyura wamejifukia topeni wakingoja. Subiri udongo upasuke, na tope zito la pembeni ulichimbue. Ng'oa magugu ya majini, maana jike hubandika mayai humo moja moja. Bomba la kuingizia maji lifunge kitambaa cha chandarua, ukisafishe kila siku kisizibwe na majani. Usiku wa mvua vyura hawa huhama kwa nchi kavu, kwa hiyo zungushia bwawa karatasi ya nailoni, kimo nusu mita, ukingo wa chini uufukie.