Dada wa ovaloki, hiyo 230,000 usiitume

Usitume. Salamu zitafuata baadaye, kwanza weka simu chini.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Umeona mashine ya ovaloki, ile ya kushonea kingo za nguo, mtandaoni, muuzaji anasema yuko Kariakoo, bei 480,000. Ukatanguliza 250,000. Leo siku ya tano, anasoma meseji hajibu, na alipojibu jana akaandika "we dada una haraka ya nini, malizia hela mzigo utoke". Umeuliza mambo mawili: umalizie hiyo 230,000 yaishe, au la, na kati ya basi na lori la mizigo, kipi nafuu kufikisha mashine Kibondo. Halafu kuna mdau hapo juu kakujibu "Kariakoo ndivyo walivyo, wana shombo ila mzigo unafika, malizia tu dada", shombo akimaanisha mdomo mchafu.

Wewe mdau wa hapo juu, nitakurudia.

Mimi nipo Songea, ni mwalimu. Mwaka juzi niliona mashine ya kutotolesha vifaranga, ile ya mayai 176, bei 620,000. Muuzaji alikuwa asali. Naandika saa sita usiku, anajibu kabla sijaweka simu kitandani. "Boss wangu", "mwalimu wangu", "usijali kabisa". Akanitumia na video mashine inawaka, taa za kijani, mayai yanageuzwa yenyewe. Nikatanguliza 300,000. Jina lililokuja kwenye simu lilikuwa la kike wakati naongea na mwanaume. Nikauliza, akasema laini ya mke wake, yake imejaa, haipokei tena hela siku hiyo. Nikaona huyu kweli mfanyabiashara mkubwa, laini mpaka inajaa! Hapo chekeni, nami nilishacheka, ila nilichukua muda.

Tangu ile 300,000 iingie, asali ikawa shubiri. Siku nne tiki mbili za bluu, kimya. Napiga, inaita mpaka inakata. Siku ya tano akajibu sentensi moja: "Mwalimu kama hela huna sema, kuna wateja wanasubiri hiyo mashine."

Dada, isome tena hiyo sentensi, ni ndugu wa damu wa hiyo yako ya "una haraka ya nini". Angalia inavyofanya kazi. Yeye ndiye ameshika hela yangu, yeye ndiye hajibu simu, lakini ghafla mimi ndiye mdaiwa. Mimi ndiye ninayepaswa kuthibitisha kwamba si mbabaishaji. Badala ya kuuliza mashine iko wapi, nikaanza kujieleza: mshahara umechelewa kidogo, samahani kaka, sikuwa na nia mbaya. Nilimwomba samahani mwizi! Na ili aone kwamba hela ninayo, siku ya sita nikatuma 320,000 yote. Jina lililokuja sasa likawa la kiume, akasema ni la mhasibu.

Siku ya nane akataka 45,000 ya mbao za kutengenezea kreti, eti bila kreti basi halipokei mzigo wa kioo. Nikatuma. Hiyo ilikwenda kwa wakala. Majina matatu, malipo matatu, na mimi nasahihisha hesabu za watoto kila siku.

Mnauliza nilikuwa wapi kichwani? Nilikuwa ofisi ya walimu, na pembeni yangu alikaa mwenzangu aliyenihakikishia kwamba wale jamaa anawafahamu. Kila nikisema nataka kwenda polisi, ananiambia usimkorofishe muuzaji, ukimkorofisha anakuzungusha zaidi, Kariakoo ndivyo walivyo, tulia. Nikatulia. Baada ya kila kitu kuharibika nikambana: ulinunua nini kwao? Akasema, "Kwani mimi nilisema nimenunua? Nilisema nawafahamu." Anawafahamu! Kumbe anafuatilia akaunti yao tu, kama mimi ninavyomfahamu Rais. Mpaka leo tunasalimiana, ila chai yangu nanywea dirishani.

Ndiyo maana wewe mdau wa hapo juu unanichefua. Hujui duka, hujui namba, hujui jina, unamtolea mtu ushauri wa 230,000 isiyo yako. Akipigwa utamchangia?

Sasa siku ya tisa nikaletewa picha ya risiti ya basi, imeandikwa kwa mkono, jina langu, "mashine 1", na namba ya konda. Konda akapokea simu vizuri tu, akasema mzigo anao, tukutane stendi. Siku ya kumi nimekodi bajaji yenye nafasi nyuma, nipo stendi tangu saa kumi na mbili jioni. Basi likaingia usiku limejaa vumbi. Buti likafunguliwa: magunia ya viatu vya mtumba, tairi, madumu, godoro limekunjwa likafungwa kamba za manila, katoni la sabuni lililopasuka. Nikainama mpaka ndani kabisa na tochi ya simu. Kijana wa mizigo akaniuliza natafuta nini, nikamwonyesha ile picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akamwita mwenzake, wakaangaliana. "Mzee, sisi risiti zetu ni za mashine. Hizi za kuandika hatutumii." Namba ya konda nikaipiga palepale. Imezimwa. Konda halisi alikuwa amesimama mbele yangu anakula hindi la kuchoma. Dereva wa bajaji akataka hela yake ya kunisubiri, na alikuwa na haki.

Nyumbani nilikuwa na msiba mwingine. Kwa kuamini mashine inakuja, nilishanunua mayai yenye mbegu, trei sita kasoro mayai manne, 18,000 kila trei. Wafugaji mnajua: mayai ya kutotolesha hayasubiri. Wiki moja, ukijitahidi sana siku kumi, yawe yameingia kwenye mashine, ukizidisha hapo vifaranga vinapungua kila siku inayopita. Nilikuwa nimeyapanga chini ya meza ya sebuleni, ncha iliyochongoka ikiangalia chini, nafungua dirisha usiku yapate ubaridi, mchana nafunga pazia. Siku ya kumi na mbili mama watoto akachukua moja bila kuniuliza, akalipasulia kwenye bakuli, akaninyooshea. Hakusema kitu. Tukaanza kuyala. Ya kukaanga, ya kuchemsha, ya rosti, mpaka wanangu wakaomba mchicha kwa hiari yao, jambo ambalo halijawahi kutokea wala halijarudia.

Jumlisheni: 300,000, 320,000, 45,000, na mayai 108,000. Ni 773,000, bajaji sijaweka.

Lakini kilichoniuma zaidi si jumla. Ni ile hesabu ya siku. Ile 300,000 ya mwanzo ndiyo niliyodanganywa. Ile 320,000 sikudanganywa na mtu, nilijidanganya mwenyewe. Nilishaona dalili zote: jina si lake, simu hapokei, mdomo umebadilika. Nilituma kwa sababu ya kuihurumia ile ya kwanza, eti nisipomalizia nitaipoteza. Ndicho anachokitegemea. Ya kwanza kwake ni chambo tu, anavizia ya pili. Anajua mtu aliyetanguliza nusu hatakubali kuondoka mikono mitupu, kwa hiyo anakaa kimya kwa makusudi mpaka uchanganyikiwe, halafu anakutukana kidogo ili ukimbilie kulipa kwa aibu.

Kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa, mnisamehe: HELA YA PILI HAITOKI MPAKA MZIGO UMEONEKANA. Umeonekana kwa macho yako au ya mtu wako. Video haihesabiki, risiti ya basi haihesabiki, wala sauti tamu ya kwenye simu. Ile 250,000 yako ihesabu imeshazikwa. Ikifufuka tutachinja kuku. Jongoo mtupe na mti wake.

Na kuhusu hili la shombo, nisieleweke vibaya. Shombo na wizi ni vitu viwili. Mashine ninayotumia sasa hivi nimenunua Kariakoo hiyohiyo, Mtaa wa Narung'ombe, kwa muuzaji mwenye mdomo kama pilipili kichaa. Nilimtuma mtoto wa dada yangu anayekaa Mbagala. Alipofika tu na kuanza kupiga picha akaambiwa, "Kijana unanunua au umekuja studio?" Kwenye WhatsApp huyo mzee alikuwa anajibu neno moja: "IPO." Nikiuliza inapungua: "HAIPUNGUI." Lakini alimchomekea mashine kwenye umeme, wakakaa nusu saa mpaka kipimo kikafika nyuzi 37 na nusu, mpwa wangu akanipigia nikaona kwa macho, ndipo akalipa kaunta na kupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Mzigo ukafika salama, bila "boss wangu" hata moja. Yule aliyeniita boss ndiye aliyenila.

Kwa hiyo wewe fanya hivi, leo. Mwandikie kwa upole kabisa, bila kuonyesha kwamba umeshtuka: "Kaka, ndugu yangu yupo Dar, kesho anakuja dukani na 230,000 taslimu, naomba jina la jengo na namba ya duka." Kama ni muuzaji kweli hapo hapotezi chochote, analetewa hela mlangoni. Wangu nilipomfanyia hivyo, nikiwa nimeshachelewa, kwanza alisema dukani wanahesabu mali, kesho yake wamehama jengo, keshokutwa nikala bloku.

Kabla ya kumwandikia, piga picha meseji zote pamoja na zile za malipo, anaweza kufuta upande wake ukabaki unaangalia "ujumbe huu umefutwa". Halafu pigia kampuni yako ya simu uwape namba uliyotumia hela. Mimi nilipiga siku ya kumi na tisa, kwa sababu nilikuwa bado natulia kama nilivyoshauriwa, dada wa huduma kwa wateja akaniambia kwa upole hela ilishatolewa kitambo. Nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Mimi askari aliyenihudumia hakunicheka, aliandika yote, kisha akauliza swali moja tu: "Mwalimu, hilo duka ulishaliona?" Nikaangalia dari. Na akikutumia meseji ya kitapeli, ipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040 ukitaja namba iliyoituma. Hela hairudi kwa hilo, ila laini inaweza kufungiwa. Mkiwa hapo pigeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA zenu, maana ile namba ya "mke wake" niliambiwa imesajiliwa kwa bibi mmoja wa kijijini ambaye hata simu hana.

Lile swali lako la basi au lori la mizigo nitalirudia baadaye.

Ila nimeona uliandika uzi saa tano asubuhi, sasa ni saa tisa, na hujajibu mtu yeyote. Hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Dada, umeshatuma au bado? Andika neno moja tu hapa chini.