Maji ya kusukumia dawa nayo ni maji

Mtoto njiti wa gramu 900 ana damu ya kama mililita 80 tu mwili mzima. Namba hiyo naiandika kwenye karatasi yangu kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa bado mwanafunzi wa utoaji dawa za usingizi, na mtoto, wa uzito kama huo, alikuwa utumbo umeoza ukatoboka. Nilihesabu kila nilichokiita maji: dekstrosi (maji ya sukari) ya kwenye pampu, na ringa lakteti (maji yenye chumvichumvi) mililita 10 kwa kilo, mara mbili. Kila baada ya dawa nilisukuma salaini mililita mbili ili dawa ifike. Hizo nani anazihesabu? Mwalimu wangu alizihesabu: mabomba kumi matupu ya sindano kwenye trei, mililita 20. Kwa mtoto yule nilikuwa nimeongeza dozi nyingine mbili na ushee bila kujua, na mashine ilishaanza kudai presha kubwa zaidi kumpa hewa.

Tangu siku hiyo, kwa mtoto wa namna hii situndiki dripu. Kila kitu kinapitia bomba la sindano, na nusu mililita ya kusukumia mara nyingi inatosha.

Usinielewe kwamba nasema umbanie maji. Utumbo ulio wazi unakauka kwa mvuke, na maji mengine yanajificha kwenye kuta zake zilizovimba. Anaweza kuhitaji mengi kuliko ulivyokadiria. Basi natoa mililita 5 hadi 10 kwa kilo, ya vuguvugu, taratibu, maana mishipa ya ubongo wake ni laini na msukumo wa ghafla unaweza kuipasua. Kisha natazama. Mapigo yametulia? Ngozi ya kifuani nikiibonyeza, rangi inarudi upesi? Laktati, asidi inayopanda mwili ukikosa damu ya kutosha, inashuka? Mkojo chini ya mashuka hauonekani vizuri, siungoji.

Dekstrosi inaendelea kwenye pampu yake yenyewe; siitumii kufidia maji yaliyopotea. Shashi za kufutia damu zipimwe uzito zikiwa bado mbichi, gramu moja ni kama mililita moja ya damu. Damu iombwe mapema, iwe mbichi kadiri inavyopatikana, kwani ya siku nyingi ina potasiamu nyingi, na ukimwongezea damu kwa haraka kalsiamu mwilini mwake inashuka.

Siku hizi, kila robo saa, namuuliza muuguzi swali lilelile: "Dada, jumla imefika ngapi, pamoja na za kusukumia?"