Swali la Lugha: Je, Kali Yuga ni "karne kali"?

Swali: Nahariri makala kuhusu hesabu ya wakati katika imani ya Wahindu. Mwandishi ametafsiri Kali Yuga kuwa "karne kali", na kila palipo na tithi, yaani siku ya kalenda ya mwandamo ya Wahindu, ameandika "tarehe". Je, nimwachie?

Jibu: Usimwachie. Karne ni miaka 100, ilhali Kali Yuga, kwa hesabu ya Purana, vitabu vitakatifu vya Wahindu, ni miaka 432,000, na kwa mapokeo ilianza mwaka 3102 kabla ya Kristo. Neno linalofaa ni "zama", kwa kuwa halifungwi na idadi yoyote ya miaka: zama za Kali, zama hizi. "Enzi" si kosa, ila linanukia utawala, kama tunaposema enzi za Mwingereza.

Kosa kubwa zaidi ni hilo "kali". Mwandishi ameponzwa na mfanano wa sauti, na mtego wenyewe ni mzuri, maana zama hizi husimuliwa kuwa za ugomvi na kuporomoka kwa uadilifu. Hata hivyo, Kali hapa si kivumishi chetu, wala si yule mungu wa kike, ambaye jina lake katika Kisanskriti lina irabu ndefu. Ni jina la mtupo wa kushindwa katika mchezo wa kale wa kete, uliohesabiwa moja; Zama nyingine tatu nazo zina majina ya mitupo: Dvapara ni mbili, Treta tatu, Krita nne. Urefu wa zama hizo unafuata uwiano huohuo, yaani miaka 864,000, 1,296,000 na 1,728,000. Basi Kali iandikwe kwa herufi kubwa na isipewe kiambishi chochote cha upatanisho.

Zama zote nne hufanya miaka 4,320,000, na mizunguko 1,000 ya namna hiyo ndiyo kalpa, mchana mmoja wa Brahma, mungu muumbaji. Neno hilo liache lilivyo, kisha ulieleze. Niliwahi kuona mtu ameliita "milele", jambo lisilowezekana, kwa sababu kalpa ina mwisho, na baada yake huja usiku wenye urefu uleule.

Tithi nayo ibaki tithi. Ni muda ambao mwezi hutumia kulitangulia jua kwa nyuzi 12, hivyo mwezi mmoja wa mwandamo una tithi 30. Lakini kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani siku zote, tithi moja huweza kuchukua saa 19 hivi na nyingine ikakaribia saa 27. Siku hupewa tithi iliyopo jua linapochomoza. Ikianza baada ya macheo na kwisha kabla ya macheo yanayofuata, tithi hiyo hurukwa katika kalenda. Ikikutwa na macheo mawili, hurudiwa. Tarehe zetu hazirukwi wala hazirudiwi, ndiyo maana "tarehe" itampotosha msomaji atakayekuta ya tano inafuatwa na ya saba.

Kagua pia kama ameandika kwamba Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, huangukia "mwezi mwandamo", kwani kosa hilo ni la kawaida. Mwezi mwandamo ni ule ulioonekana. Diwali husherehekewa katika amavasya, usiku ambao mwezi hauonekani kabisa.