Mzee anataka miji kumi

SWALI: Shangazi, sisi ni watu watano hapa Kisumu, Agosti tunaenda kusini mwa Ufaransa wiki mbili, mzee anataka miji kumi na mimi nataka tu kutembea polepole na watoto, nani yuko sawa? Mama Watatu, Milimani

JIBU: Wewe mama, mzee aache mbio. Kaeni Avignon, muone jumba la mapapa wa Kanisa Katoliki wa karne ya 14, halafu siku moja mwende Pont du Gard, daraja la maji la Warumi, karibu mita 49 kwenda juu, mawe tu yamepangwa, na chini yake watoto wanaogelea mtoni, ni kama ufuo wetu wa Dunga hapo Kisumu, bila wale viboko wa ziwani! Mashamba ya maua ya lavenda msifuate, Agosti mengi yameshavunwa. Mchana maduka madogo mengi hufungwa kwa hivyo bebeni mkate na jibini. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa, anzeni sasa.